Si kila kizunguzungu ni presha

Mwanamke anayechokoa pweza kwenye miamba wakati wa bamvua huinama juani masaa mawili au matatu, na akiinuka ghafla macho huingia kiza. Akinywa maji na kukaa kivulini hali hiyo hupita, na hakuna la kutafuta zaidi. Mwingine huona kiza kila anapoinuka kitandani, wiki ya tatu sasa, na huko Tongoni, kama katika vijiji vingi vya njia ya Tanga kwenda Pangani, jirani huwa na jina tayari: presha. Jina likishapatikana, dawa nayo haikawii. "Shoga, jaribu nusu ya kidonge changu, mimi kimenisaidia."

Nusu hiyo inaweza kumlaza chini. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote. Kinachomfanya mtu aone kiza akisimama aghalabu ni presha iliyoshuka, damu pungufu, maji kupungua mwilini au moyo kwenda vibaya, na kumpa dawa ya kushusha presha ni kumwongezea alichonacho. Nyuma ya mambo hayo yote huweza kuwapo ugonjwa mmoja ambao haukumbukwi upesi kwa kuwa kwa kawaida hauumi: ugonjwa wa tezi ya shingo, yaani thairoidi.

Tezi hii imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Homoni zake ndizo zinazouamuru mwili uende kwa kasi gani. Ikivimba watu huita rovu, lakini uvimbe na kazi ya tezi ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa na rovu kubwa na homoni zake ziko sawa, na mwingine shingo yake haina kitu huku tezi imelala.

Homoni zikizidi, moyo hukimbia hata mtu akiwa amekaa. Mikono hutetemeka, jasho humtoka wakati wenzake wanaona baridi, hula vizuri na bado hukonda, huenda choo mara kwa mara. Kichwa huwa chepesi kwa sababu moyo unakwenda mbio, au haupigi kwa mpangilio, na maji yanapotea. Homoni zikipungua mambo hugeuka: moyo hupiga polepole, mwili hunenepa bila sababu, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, usingizi hauishi, na mtu huona baridi mchana wa pwani. Familia nyingi humwita huyu mvivu.

Kabla ya kwenda popote, nyumbani kuna kipimo kisichogharimu kitu. Mgonjwa akae atulie dakika kumi, kisha vidole viwili viwekwe kwenye mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba, mapigo yahesabiwe dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtu mzima aliyetulia mapigo huwa kati ya 60 na 100. Namba peke yake haithibitishi ugonjwa, maana mvuvi mwenye nguvu anaweza kuwa chini ya 60 na mzima kabisa. Lakini iandikwe kwenye karatasi pamoja na siku na saa. Mhudumu wa zahanati atafanya kazi nzuri zaidi akiwa na karatasi hiyo kuliko akiambiwa tu "nasikia kizunguzungu".

Pale zahanati aombwe pia apime presha mara mbili, mgonjwa akiwa amelala au amekaa, kisha akiwa amesimama kwa dakika chache. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mtu akisimama, sababu ya kiza imeanza kujulikana. Wingi wa damu, sukari na malaria vinafaa kuangaliwa siku hiyo hiyo. Homoni za tezi hupimwa kwa damu, kuanzia na kipimo kiitwacho TSH, na kwa kawaida hicho hutafutwa hospitali kubwa. Kwa watu wa Tongoni maana yake ni safari ya mjini, Bombo.

Wapo waliokwisha kupimwa, wana dawa, na kizunguzungu bado kipo. Hao ndio wanaokata tamaa na kuacha vidonge, na mara nyingi kosa si la dawa. Chukua mama ambaye tezi yake ni dhaifu. Udhaifu huo humletea hedhi nyingi, hedhi humpunguzia damu, damu pungufu humletea kizunguzungu. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, naye kwa utaratibu wake mzuri humeza vyote asubuhi kwa chai ya maziwa, pamoja na kile cha thairoidi. Madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu hushikana na dawa ya thairoidi tumboni, nayo isiingie mwilini ipasavyo. Tezi haipati msaada, hedhi haipungui, na kizunguzungu kinarudi pale pale. Mama huyu hahitaji dawa mpya, anahitaji saa. Levothairoksini humezwa kwa maji matupu tumboni hamna kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya damu au vya kalisi visubiri masaa manne. Akipata mimba, kliniki waambiwe siku ya kwanza, kwa kuwa kiasi cha dawa mara nyingi huongezwa.

Kwa mwenye homoni nyingi, propranololi anayopewa kutuliza moyo huweza yenyewe kushusha mapigo na presha hadi kichwa kikazunguka. Asiikate ghafla kwa uamuzi wake. Arudi na karatasi yake ya mapigo dawa ipunguzwe. Mwenye pumu aseme mapema, dawa hiyo haimfai. Anayetumia kabimazoli akipata homa na koo kuuma asingoje: aache kidonge, aende hospitali siku hiyo akapimwe chembe nyeupe za damu. Na yeyote anayezimia, anayebanwa kifua, anayekosa pumzi au aliyepinda mdomo ni wa hospitali mara moja.

Si haki pia kuisingizia tezi kila kitu. Nyumba ikizunguka kama pia mtu anapojigeuza kitandani, kisha ikatulia baada ya muda mfupi, hilo mara nyingi ni la sikio la ndani.

Wengi hushangaa kwamba watu wa bahari nao hupata rovu, kwa kuwa rovu limezoeleka kuwa ugonjwa wa nyanda za juu, Mbeya na Iringa. Watafiti waliopima watoto wa Unguja na Pemba na kuchapisha matokeo mwaka 2006 walilikuta visiwa vyote viwili, Pemba zaidi. Chumvi ya mawe inayoanikwa mwambaoni ina madini joto kidogo mno yasipoongezwa, na ndiyo sababu kanuni za nchi tangu miaka ya 1990 zinataka yaongezwe kwenye chumvi ya kula. Chumvi hiyo hukinga. Haiponyi tezi iliyokwisha kuharibika, na unga wa mwani unaouzwa kama dawa ya rovu unaweza kumtia madini joto mengi kwa ghafla mtu mwenye rovu la vinundu na kuipandisha mbio tezi yake.

Limebaki suala la mfungo, ambalo kijijini huamuliwa bila daktari. Levothairoksini humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo inaweza kuhamishiwa usiku, yakipita masaa matatu baada ya kula, au nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku. Mwenye moyo unaokimbia, ambaye homoni hazijatulia na maji yanampotea, huenda akashauriwa asifunge mwaka huu. Mazungumzo hayo yafanyike Shaabani, ili saa za dawa zikibadilishwa zibaki wiki chache za kuona mwili unavyozipokea.