Utata wa Kimaadili au Ukwepaji wa Hukumu?

Imekuwa desturi ya baadhi ya wahakiki kuusifu utata wa kimaadili kana kwamba ni ubora wa kisanaa kwa dhati yake. Hivyo ndivyo ilivyosifiwa filamu ya Black Panther: Wakanda Forever (2022), mwendelezo wa bunilizi ya kisayansi iliyotia fora mwaka 2018. Inadaiwa kwamba Namor si mwovu bali ni mtawala anayewalinda watu wake wa Talokan. Naye Shuri, aliyeuliwa mama, anavutwa na kisasi.

Usawiri huo una nguvu. Lakini je, chanzo cha vita ni nani? Msuko wenyewe unajibu: Wafaransa wanavamia kituo cha Wakanda nchini Mali, na Wamarekani wanayasaka madini ya vibraniamu baharini. Hata hivyo, Wakanda na Talokan ndio wanaochinjana. Shuri anapomsamehe Namor, amani inapatikana baina ya walioporwa, na waporaji wanatoka jukwaani bila kuhukumiwa.

Msomaji wa Machakos hana budi kuushuku mpango huo. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Wakamba kupunguza mifugo, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hadi Nairobi, wakamkabili mnyang'anyi mwenyewe. Alihamishiwa Lamu, lakini hakuna aliyebaki na shaka kuhusu mshtakiwa.

Utata wenye thamani humkumbuka mkandamizaji. Unaowapima wanyonge wawili na kumsahau yeye ni pazia, na wajibu wa mhakiki ni kulifungua.