Dira Kwanza, Kioo Baadaye



Swali lililoifikia kamati ya msikiti hapa Mabatini limetoka kwa vijana wanaomiliki kwa ubia mtumbwi wa mbao uendao kwa tanga. Wamedunduliza fedha kidogo, nao wanauliza: katika vifaa vya kielektroniki vya kuongozea chombo, wanunue kipi? Kwa kuwa nyuma ya kila baharia kuna mke, watoto na wazazi wanaosubiri, nimeona jibu lake ni la ukurasa huu wa familia.

Wapo wanaosema kwamba wazee wetu walivuka hadi Ukerewe bila ya vifaa hivyo, na kwamba mwenye tawakkul havihitaji. Hoja hiyo haisimami. Katika Surat Al-An'aam, aya ya 97, Allah (SW) ametukumbusha kuwa nyota amezijaalia ziwe mwongozo katika giza la bara na la bahari. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, aliandika kwa kina juu ya nyota, pepo na dira. Kushika sababu ni katika tawakkul yenyewe. Isitoshe, dhoruba nyingi za ziwa letu huja usiku, na wingu likitanda hakuna nyota wala kisiwa kitakachoonekana.

Basi tuanze na dira ya sumaku, ijapokuwa si ya umeme. Haina betri ya kuisha. Ifungwe imara mbele ya mshika usukani, mbali na nanga, simu na spika, kwani chuma na sumaku huipotosha. Faida yake nyingine ni ya ibada: kutoka Mwanza, kibla ni takriban nyuzi 15 mashariki ya kaskazini.

Cha pili ni GPS ya mkononi. Hiki hupokea mawimbi ya setilaiti, hivyo hufanya kazi hata pasipo na mtandao wa simu. Chagueni chenye vitufe, kwa sababu kioo cha kugusa husumbua vidole vikiwa na maji. Kilichozibwa maji yasiingie. Na kinachotumia betri kavu zinazopatikana dukani. Kabla ya safari, hifadhini ndani yake mahali pa mwalo wenu, visiwa mnavyopita, na miamba mnayoijua. Lakini eleweni mambo mawili. Kwanza, vingi vya bei nafuu hujua mnakoelekea pale tu chombo kinapokwenda. Upepo ukikatika, mshale wake hauaminiki, na hapo dira ndiyo hurejewa. Pili, huonyesha njia iliyonyooka, nayo yaweza kupita juu ya mwamba, au kuelekea upepo unakotoka, ambako tanga haliwezi kwenda ila kwa kupinda huku na huko.

Simu janja iwe akiba. Nayo hupokea setilaiti, mradi ramani imepakuliwa mkiwa nchi kavu. Itieni katika mfuko usiopenya maji, na msiichoshe kwa muziki.

Vioo vikubwa vya ramani vinavutia, lakini chombo kisicho na injini hakina cha kuchaji betri ila sola. Kipima kina nacho huonyesha kina kilicho chini yenu, si mwamba ulio mbele. Ama redio ya mawasiliano, ulizeni kwanza ni nani mwaloni atakayekuwa akiisikiliza. Hivi vingoje.

Wala kifaa kisitufanye tusahau lililo kubwa zaidi. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Haikupotea njia, ilijaza kupita kiasi. Kwa hiyo, kabla ya GPS, kila aliyemo chomboni awe na jaketi la kuokolea maisha, mzigo uwe wa kiasi, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe.

Kwa wenye vyombo wanaobaki nchi kavu huku wakituma vijana wa watu ziwani: msiweke nyavu mbele na uhai nyuma. Gharama ya vifaa hivi itoke katika fungu la chombo, isikatwe katika ujira wa baharia.

Na nyumbani ibaki karatasi: tunakwenda wapi, tunarudi saa ngapi, tupo wangapi, nani apigiwe tukichelewa. Mke asiyejua mumewe ameelekea upande gani hana la kuwaambia waokoaji. Karatasi hiyo haina bei, na ni haki ya wanaosubiri.

Allah awahifadhi wasafiri wetu wa majini, na awarejeshe salama kwa ahali zao. Amin.