MWALIMU WA CHUO KIKUU NAYE AFUNDISHWE KUFUNDISHA

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba, 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika 15, wote wa sheria, na mwalimu aliweza kumtazama kila mmoja usoni akajua nani ameelewa na nani aitikia tu. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani. Leo, katika baadhi ya masomo, mhadhiri mmoja hukabili mamia ya vijana ukumbini, na walio nyuma huandika wasichokisikia sawasawa. Tumejenga kumbi na kuongeza viti, nalo ni jambo jema. Lakini yule asimamaye mbele tumemsaidia nini?

Ndugu wasomaji, fikirini kidogo. Atakaye kufundisha watoto wa darasa la kwanza hakabidhiwi chaki mpaka apite chuo cha ualimu, afundishe mbele ya mkufunzi na kusahihishwa. Fundi wa gereji hushika spana chini ya macho ya fundi mkuu. Mhadhiri, mara nyingi, huchaguliwa kwa kuwa alipata alama za juu katika shahada yake; hupewa ratiba, akaingia ukumbini. Hufundisha kama alivyofundishwa.

Kulijua jambo si kujua kulifundisha. Sisi tuliosoma shule za misheni twamkumbuka padre mmoja, bingwa wa hesabu, aliyejaza ubao kwa mkono wa kulia na kuufuta kwa mkono wa kushoto kabla hatujamaliza kunakili. Tulimheshimu mno. Hesabu tulifundishana wenyewe usiku bwenini, kwa taa ya chemli.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alifundisha fizikia miaka kadhaa akiamini kuwa afundisha vema, maana wanafunzi walimsifu na mitihani waliishinda. Mwaka 1990 aliwapa maswali mepesi yasiyo na hesabu, juu ya mambo ya kila siku kama lori zito kugongana na gari dogo. Mwanafunzi mmoja akamwuliza ajibuje: kama alivyofundishwa, au kama afikirivyo mwenyewe? Matokeo yakawa ya kusikitisha. Tangu hapo Profesa Mazur alibadili desturi yake. Hueleza kidogo, huuliza swali, kila mmoja hujibu peke yake, kisha humgeukia jirani wabishane, halafu hujibu tena. Kwa maneno mengine, alileta ukumbini kile tulichokifanya sisi bwenini.

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Scott Freeman walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu. Palipokuwa na mihadhara mitupu, wanafunzi kadiri ya 34 katika kila 100 walianguka. Palipokuwa na kuulizana na kujadiliana, walianguka 22. Mfanyakazi asipite haraka kwenye hesabu hiyo. Tofauti ni vijana 12 katika kila 100, na kila mmoja wao ana mzazi aliyeuza ng'ombe au kukopa katika chama cha akiba. Na mkopo wa Bodi hukatwa katika mshahara vilevile, kijana awe alifundishwa au alisomewa tu.

Twajua wahadhiri watasema: kumbi zimejaa, kipaza sauti kibovu, na cheo hupandishwa kwa makala zilizochapishwa, si kwa kufundisha. Wasema kweli, na la mwisho ndilo zito kuliko yote. Yafaa wakuu wa vyuo waliweke ufundishaji mzuri katika mizani ya cheo, tena mizani isiyo ya mzaha.

Lakini kubwa kuliko lawama ni msaada. Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua ofisi ya kazi hiyo tangu 1962. Mwalimu mzoefu hualikwa na mhadhiri mwenyewe, huketi nyuma, huwauliza wanafunzi katikati ya muhula ni wapi wanapotea, kisha huzungumza na mwenzake faraghani. Hapana ukaguzi hapo, wala barua ya onyo. Ofisi ya namna hiyo ikigeuzwa kuwa ya upelelezi, bora isifunguliwe.

Jambo moja zaidi. Vijana wetu wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiambiwa wajadiliane na jirani, watajadiliana kwa Kiswahili. Mhadhiri asiwakemee, hapo ndipo atakaposikia kwa mara ya kwanza nini wamekielewa.

Twapendekeza kazi ianze kwa wahadhiri wapya, kabla hawajapewa ratiba. Muhula mmoja wakae na mwalimu mzoefu, wafundishe akiwatazama, wasahihishwe, na mshahara wao uendelee kama kawaida.