Gari Hupimwa Barabarani

Siku hizi hata hapa Buigiri vijana wanabishana kuhusu magari ya kale ya mbio ambayo hawajapata kuyaona kwa macho: lipi lafaa zaidi kuhifadhiwa, la Kiitalia au la Kimarekani? Mmoja anaapa kwa Ferrari, mwingine kwa Chevrolet Corvette. Ukiwauliza kipimo chao, wanakutajia bei. Ni kweli kwamba mwaka 2018 gari moja la Ferrari 250 GTO liliuzwa mnadani California kwa dola milioni 48.4, na kwamba yalitengenezwa 36 tu. Lakini uchache si sifa. Yapo hata maradhi ya nadra.

Nimesahihisha mitihani miaka mingi, na sikupata kumpa mwanafunzi alama kwa sababu ya sare yake. Magari nayo yalikuwa na mtihani wao, tena ulifanyika huku kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa ya Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, kwenye barabara zetu za vumbi na matope. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7.

Mwaka uliofuata Wamarekani walikuja na Mercury Comet sita, injini za silinda nane, mbwembwe tele. Yaliyofika mwisho ni mawili, tena nyuma kabisa. Waitalia nao, mwaka 1975, walileta Lancia Stratos: gari fupi, limelala chini kama mende, injini ya Ferrari ipo mgongoni mwa dereva. Kwa kulitazama tu ungesema litanasa kwenye dimbwi la kwanza. Stratos zilishika nafasi ya pili na ya tatu.

Basi kati ya hao wawili, alama nampa Mwitalia. Watetezi wa Corvette hunijibu kwamba injini yake ni rahisi kutengeneza na bodi yake ya faiba hailiwi na kutu. Hoja hiyo ni nzito, na ningeikubali kama tungekuwa tunamtafutia mtu gari la kwendea mnadani Jumamosi. Lakini wanangu, ninyi mnazungumzia mbio.

Hata hivyo, nina ugomvi na pande zote mbili. Nani alishinda mwaka huo wa 1975? Peugeot 504. Na mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968? Peugeot 404. Magari hayo tulikuwa nayo wenyewe; yalibeba walimu, wagonjwa, maharusi na magunia ya karanga. Yako wapi? Nimeona moja likipakiwa vipande vipande kwenye lori la chuma chakavu kando ya barabara ya Morogoro, na mnunuzi akigombana na muuzaji kwamba viti visihesabiwe kwenye kilo. Wenzetu wa Nairobi wana maonyesho ya magari tangu mwaka 1970, yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo. Dodoma, makao makuu ya nchi, sijapata kuona hata banda moja la kazi hiyo, na wenye fedha tunao.

Mwenye 404 ambayo bodi yake bado nzima, kati ya hapa na Kongwa, asiikate kabla hajapita kwangu.