King'amuzi kisimnyime mkulima elimu

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, ikiwa chombo cha serikali cha kuelimisha umma. Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia, mwenye seti ya zamani alilazimika kununua king'amuzi. Chenga ziliisha, lakini mawimbi ya dijitali yakiwa hafifu picha hukwama, kisha hupotea kabisa. Kwa mkulima, huko ni kukosa kipindi cha mbegu.

Kabla ya kutoa fedha, amuulize muuzaji: kifurushi kikiisha, chaneli za bure zitabaki? Antena nayo ipandishwe juu na kuelekezwa kwenye mnara. Serikali kwa upande wake ihakikishe vipindi vya kilimo havifungwi ndani ya malipo ya mwezi. Pesa ya kifurushi ni pesa ya mbolea.