Somo Lililo Uani Mwako



Yako mazoea ya kudhani kuwa mambo ya imani yana mahali pake maalumu: kanisani siku ya Jumapili, katika kitabu kilichohifadhiwa kabatini, au kinywani mwa mchungaji na padre. Jikoni, shambani na uani, watu husema, ni mahali pa kazi tu. Lakini mtu akiisoma Injili kwa makini ataona kuwa Yesu wa Nazareti hakufundisha hivyo. Alipotaka watu wauelewe Ufalme wa Mungu alitaja chachu ndani ya unga, mbegu ya haradali, wavu wa wavuvi, na mwanamke afagiaye nyumba akitafuta fedha iliyompotea. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichohitaji safari ya mbali ili kuonekana.

Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 walilitambua jambo hilo. Fedha ya mwanamke yule waliiita shilingi, na unga uliotiwa chachu wakaupima kwa pishi, kipimo ambacho mama zetu walikijua kuwa ni vibaba vinne. Msomaji alipofika hapo hakuona mambo ya nchi ya kigeni. Aliona nyumba yake mwenyewe.

Ndiyo sababu mzazi asemaye, "Mimi sikusoma, nitawafundishaje wanangu mambo ya Mungu?" hana haja ya kukata tamaa. Kitabu kimefunguliwa mbele yake tangu alfajiri. Leo napenda tusome kurasa tatu za kitabu hicho. Mbili zitatufundisha la kutenda, na ukurasa wa tatu utatuonya.

Utambi na mafuta

Wengi wetu tuliolelewa vijijini, kabla ya umeme na taa za nguvu ya jua, tunaikumbuka taa ya chemli. Nyumbani kwetu, jua likikaribia kuzama, kazi ya kusafisha kioo chake alipewa mtoto mwenye mkono mdogo kuliko wote, maana ndio uliopenya ndani bila kukivunja. Kioo kikiwa na masizi, hata mwali uwe mkali namna gani, chumba hubaki na giza. Hilo ni somo rahisi, na kila mtoto aliyeshika kitambaa kile alilielewa bila kuelezwa.

Somo zito zaidi lilikuwa katika utambi. Utambi ni pamba tu, nao ukitiwa moto peke yake hauchukui muda kuwa majivu. Lakini ndani ya taa huwaka usiku baada ya usiku, kwa kuwa kinachoungua hasa ni mafuta yanayopanda kutoka chini. Mafuta yakikaribia kwisha, taa haizimiki ghafula. Mwali hunywea na kuwa mwekundu, moshi huanza kutoka, na harufu ya pamba inayoungua huenea chumbani. Hapo utambi haupandishi tena mafuta, unajiteketeza wenyewe.

Je, msomaji, humjui mtu aliyefika hapo? Yuko mama auguzaye mgonjwa nyumbani mwaka wa tatu sasa, asiye na wa kumpokea hata kwa usiku mmoja. Yuko mwalimu, yuko mwinjilisti, yuko kijana anayewasomesha wadogo zake wote kwa mshahara mmoja. Kwa muda mrefu aliangaza. Sasa hukasirika kwa neno dogo, hacheki, na sala zake zimekuwa fupi. Sisi tuliozoea nuru yake twamshangaa na kusema amebadilika. Pengine hakubadilika, ameishiwa na mafuta.

Wengi wanaijua habari ya wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, ambao watano kati yao walichukua mafuta ya akiba. Mara nyingi tunaisoma ili kuwalaumu wale watano wengine. Lakini tukumbuke pia nabii Eliya, alipokimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimgusa akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Agizo la kazi lilikuja baadaye.

Basi ukimwona ndugu yako anafuka moshi, usimhubirie habari za kuangaza. Mpelekee chakula kilichopikwa. Mkeshee mgonjwa wake usiku mmoja ili naye alale. Mlipie mdogo wake mmoja ada ya muhula. Hayo ndiyo mafuta, na kuyatia ni ibada.

Mama, mtoto na mjukuu

Ukurasa wa pili uko shambani. Ndugu zetu wa Bukoba, wa Moshi na wa Tukuyu wanaufahamu kuliko wengine, maana wamezaliwa katikati ya migomba. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Hauna mavuno ya pili. Lakini shamba halifi, kwa kuwa tangu mapema machipukizi yamekwisha kutoka chini ardhini, ubavuni mwa mgomba mkubwa. Mabwana shamba hushauri kila shina liachiwe migomba mitatu yenye umri mbalimbali: mama aliyebeba mkungu, mtoto anayekua, na mjukuu anayechomoza. Mkungu ukishavunwa, mgomba mama hukatwakatwa na kutandazwa shinani, ukawa mbolea ya wale waliobaki.

Mtume Paulo alipomwandikia kijana Timotheo alimkumbusha imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha katika mama yake Eunike. Mama, mtoto na mjukuu. Shina moja, umri mbalimbali. Loisi hakungoja kitanda cha mauti ndipo aanze kurithisha. Chipukizi lilikuwa ubavuni mwake yeye angali na nguvu.

Jambo hili linatuhusu sisi tuliozeeka katika kazi za kanisa na za nyumba. Yuko mzee wa kwaya ambaye hakumwachia kijana yeyote aongoze hata wimbo mmoja, naye hulalamika kuwa vijana wa leo hawapendi kuimba. Yuko baba asiyewahi kumwita mwanawe aketi naye anapopatanisha majirani, naye huogopa nani atakayepatanisha watu siku atakapoondoka. Mgomba hauoni wivu kwa chipukizi lake. Mwite mtoto aketi karibu, mpe sehemu ndogo ya kazi, mwache akosee ungali hai wa kumwongoza.

Kosa la Bildadi

Sasa tufike kwenye onyo, maana mtu aliyezoea kupata mafundisho katika kila kitu anaweza pia kuwajeruhi wenzake kwa mafundisho hayo.

Katika kitabu cha Ayubu yumo mtu aitwaye Bildadi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu baada ya kufiwa na watoto wake wote kwa siku moja. Bildadi alikuwa mwangalifu wa mambo ya kawaida. Alimwonyesha Ayubu mafunjo, yale majani marefu ambayo sisi huyaona kando ya Ziwa Viktoria na katika vinamasi vingi. Mafunjo, alisema, hayamei pasipo tope; maji yakikauka hunyauka kabla ya majani mengine yote. Maneno hayo ni kweli. Mkulima yeyote wa kando ya ziwa atayathibitisha. Lakini Bildadi aliyatumia kumweleza baba mwenye kilio kwamba wanawe walikufa kwa dhambi zao, na kwamba matumaini ya wanaomsahau Mungu hukauka namna hiyo. Aliona sawasawa, akasema vibaya.

Nabii Nathani naye alitumia mfano, wa mwana-kondoo mmoja wa maskini, lakini aliutumia kumwamsha mfalme aliyekuwa amedhulumu. Bildadi aliutumia wake kumponda aliyekwisha kuanguka. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia rafiki hao watatu kwa maneno waliyoyanena.

Nasi tunayo mafunjo yetu. Mama amezika mtoto, hata matanga hayajaisha, anakuja mtu na kumwambia kuwa Mungu amechuma ua zuri katika bustani yake. Mwingine anamwambia asilie sana, atapata mwingine, kwani hata mgomba ukikatwa huchipuka. Ayubu alikwisha kulijibu neno hilo zamani: mti ukikatwa una tumaini la kuchipuka tena, lakini mwanadamu akilala haamki vivyo hivyo. Mtoto aliyekufa alikuwa na jina lake na kicheko chake. Hakuna chipukizi litakaloziba nafasi ile. Mkristo anao ufufuo wa kutumainia, naam. Lakini Yesu mwenyewe, aliyejua kuwa baada ya muda mfupi angemwita Lazaro atoke kaburini, kwanza alilia pamoja na waliokuwa wakilia.

Jambo jema kuliko yote walilofanya rafiki za Ayubu ni lile la mwanzo, walipoketi naye chini siku saba mchana na usiku wasiseme neno. Hilo nalo ni jambo la kawaida tunaloliona kila mara: jirani anayeingia msibani, akavua viatu, akaketi mkekani, kisha akainuka kwenda kuteka maji na kuchochea moto. Hakutoa mfano wowote. Yeye mwenyewe amekuwa mfano.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tazama sana. Watazamishe na watoto wako, nao waulize kwa nini utambi hauishi na kwa nini mgomba una mtoto. Lakini kila unapopata somo, lijaribu kwa maswali mawili kabla ya kulitoa nje. La kwanza: je, somo hili limenigusa mimi kwanza, au nimemwokotea mwenzangu? La pili: je, litamtia mtu mafuta, au litamwongezea moshi? Likishindwa katika hayo mawili, lirudishe moyoni, ukachukue ndoo uende kisimani kwa ajili ya wafiwa. Huko nako kuna ukurasa, na watoto wako watausoma wakikutazama.

Nakutakia Jumapili njema, wewe na wote walio nyumbani mwako.