Kocha, Nguvu Itoke Wapi?

Wasee, kuna uongo mmoja unaharibia vijana viwiko: ati kurusha ni nguvu ya mkono. Ukipita uwanjani utaskia tu "tupa kwa nguvu!" na mtoto wa watu anakaza bega mpaka mishipa ya shingo inatoka. Mi nasema tuache hiyo maneno. Kwa kurusha, mkono ndio hufika mwisho.

Cheki besiboli ya Marekani. Pitcha anarusha kutoka mita 18.44. Tim Lincecum wa San Francisco Giants alikuwa na urefu wa kama mita 1.80 na kilo 77 hivi. Kwa huo mchezo, huyo ni mtu mdogo. Lakini alibeba Cy Young, tuzo ya pitcha bora wa ligi, mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Nguvu alitoa wapi? Chini. Alisukuma ardhi na mguu wa nyuma, akapiga hatua ndefu, nyonga zikageuka kwanza mabega yakiwa bado nyuma. Halafu kiwiliwili, bega, kiwiko, na mwisho kabisa vidole. Ni kama mjeledi: unatikisa mpini, ncha ndiyo inalia.

Mguu wa mbele ukitua, lazima ukaze. Hapo mwili wa chini unapiga breki na mwendo wote unapanda juu. Goti likilegea, nguvu inamwagika na mkono unalipa deni la wenyewe.

Na deni hulipwa. Mwaka wa 1974, daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa Tommy John, pitcha wa Los Angeles Dodgers, akaishonea kwa kiwiko cha kushoto kilichoharibika. Leo upasuaji huo unaitwa jina la huyo mchezaji, na hata vijana wa shule huko wanafanyiwa.

Utaniuliza, kwani besiboli inatuhusu nini? Julius Yego alijifunza mkuki akitazama video za YouTube, na 2015 akawa bingwa wa dunia kule Beijing kwa mita 92.72. Mkuki si mpira, lakini mwili ni ule ule: mguu wa mbele unakaza, nyonga zinaongoza.

Sisemi mbinu safi ni dawa ya kila kitu. Lincecum mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa nyonga 2015. Mwili unachoka, na kupumzika pia ni mazoezi. Lakini kuchoka ni kitu moja, kujivunja kwa kutojua ni kingine.

Simu unayo. Mwambie beshte akurekodi kutoka kando, kisha icheze polepole. Nini inageuka kwanza, nyonga ama bega? Kama ni bega, usiongeze nguvu. Rudi kwa miguu.

Na kocha akipiga tena kelele za "tupa kwa nguvu", muulize kwa heshima: itoke wapi?